Mama Sofia Hapandi Paleti

Tangazo! Wakaaji wote wa Butembo na wa Beni, wenye umeme na wanaousikia kwa majirani tu, wenye pikipiki na wanaotembea kwa miguu kwa sababu ya kiburi, mnaarifiwa kwa heshima kubwa na kwa koo lililosafishwa mara mbili kwamba Mama Sofia Kahindo, muuzaji wa cheni, plagi na betri za pikipiki, ametambuliwa rasmi na Umoja wa Waagizaji wa Kontena kuwa Mwonambali wa Teknolojia, Mfunguzi wa Mlango wa Enzi Mpya, na Mama wa Kompyuta katika nchi hii ya milima. Wagonjwa wanaruhusiwa kushangilia wakiwa wamelala.

Redio iliyasoma maneno hayo, ukitoa hilo la wagonjwa, Jumapili asubuhi, kati ya tangazo la mbuzi aliyepotea na tangazo la ndoa. Aliyeyatunga ni Sadrack, prezidenti wa Umoja mwenyewe, mtu ambaye hadi jana yake alikuwa na hamu moja tu hapa duniani: kumwona huyo Mama wa Kompyuta amesimama juu ya paleti ya mbao, mikono nyuma, akisema mbele ya watu, "Nilipotea."

Mgeni asiachwe nyuma. Mfanyabiashara wa kawaida wa Butembo hawezi kujaza kontena peke yake. Kwa hiyo wanajikusanya: huyu mabati, yule vitenge, mwingine vioo vya madirisha, na mali ya wote inapanda chombo kimoja Dubai, inashuka Mombasa, inapita Kampala, inavuka mpaka wa Kasindi na kupanda milima hadi depo. Kuwa na nafasi ndani ya kontena ni kuwa mtu. Kuikosa ni kurudi kununua kwa wale wale uliokuwa ukikaa nao meza moja, na kuambiwa, "Bei njo ile, mama, kama haikufai, leka."

Umoja wa Sadrack ulikuwa na desturi yake. Mwanachama akileta bidhaa bubu, yaani kitu ambacho ukikiwasha hakisemi na ukikivaa hakikutoshi, kikao kinaitishwa ndani ya depo. Paleti tupu inawekwa katikati. Mkosaji anapanda, anawatazama wenzake usoni, anasema lile neno moja. Makofi yanapigwa, Fanta zinafunguliwa, na nafasi yake ndani ya kontena inabaki. Asiyepanda, nafasi yake anapewa mwingine. Kakule wa friji alipanda, mwaka ule friji zake zilipopasha watu maziwa. Jéthro wa miavuli alipanda, kwa sababu miavuli yake ilivuja. Karibu wote walikuwa wamepanda, isipokuwa Sadrack. Yeye aliwahi kuleta matairi ya majira ya theluji, yenye misumari, katika mji ambao barafu yake yote iko ndani ya friji, na si friji za Kakule. Alipoulizwa, alijibu kwamba tope la njia ya Kasugho na theluji ni ndugu wa mama mmoja, kisha akaomba kikao kifungwe kwa sala.

Sofia aliijua njia ya Kasugho kuliko yeye. Alizaliwa kule, kwenye mashamba ya maharagwe yanayopakana na msitu, katika nyumba ya Wakatoliki ambamo rozari na panga vilining'inia kwenye msumari mmoja. Alifika Butembo juu ya magunia, akaanza kuuza spoku za baiskeli moja moja, kama wengine wanavyouza sigara. Akaolewa na dereva wa lori wa Beni, Mwislamu, akamfuata msikitini. Kaka zake walibaki kanisani, na tangu hapo yeye ndiye anayekula sikukuu nyingi kuliko wote katika ukoo. Mume alipofariki alimwachia vitu viwili: lori lililokuwa halitembei tena, na tabia ya kutomwamini fundi yeyote anayesema haraka haraka "imekufa". Lori aliliuza kipande kwa kipande, mpaka vioo vya pembeni, na kutoka kwenye vipande hivyo likazaliwa duka la vipuri. Tabia hakuiuza.

Alikuwa pia na mizani yake: mkono wa kulia. Butembo wananunua hivyo. Karatasi inadanganya, rangi inadanganya, muuzaji amedanganya tangu tumboni mwa mama yake, lakini uzito bado haujajifunza. Cheni nzito ni orijino, nyepesi ni kopi, na mjadala umekwisha. Kwa mkono huo huo, Dubai, ndani ya ghala la vitu vilivyotumika, Sofia aliinua kisanduku cheusi chenye ukubwa wa Biblia ya padri. Kilimvuta bega chini kama mtoto aliyekataa kwenda shule. Hakikuwa na feni, hakikuwa na mahali pa kuingiza vumbi, na nyuma kilikuwa na matundu mengi ya waya. Akakitikisa: hakuna kilicholegea. Akachukua katoni nzima, halafu, kwa furaha ya mkono, akachukua nyingine.

Kontena lilipofika na kufunguliwa, kisanduku cha kwanza kiliunganishwa na skrini mbele ya wanachama wote. Taa ya kijani ikawaka. Watu wakasogea. Skrini ikaandika kwa Kifaransa kwamba inatafuta seva. Wakangoja. Inatafuta seva. Kakule alitoka nje kukojoa, akarudi huku anafunga mkanda. Inatafuta seva.

"Aitwe ingénieur," Sadrack akaamuru.

Akaitwa Éphraïm, anayefundisha informatique, yaani kompyuta, katika institut moja ya mjini, kijana mpole anayevaa tai hata siku za mvua. Alikigeuza kisanduku, akasoma kibandiko cha chini, na kwa kuwa ni mtu mkweli, akasema ukweli.

"Mama, hii ni client léger."

"Client? Mimi njo mwenye kuuzisha. Client atatoka mu carton namna gani?"

"Hapana, mama, njo jina yake. Iko ordinateur bila disque. Mu babureau kubwa banaiungaka kwa mashini ingine kubwa, njo banaita serveur. Ile kubwa njo inawaza. Hii inaonyeshaka tu."

"Na léger maana yake nini?"

"Nyepesi, mama."

Sofia alikichukua kisanduku, akamtilia mikononi. Éphraïm akainama upande mmoja.

"Nyepesi, papa?"

Depo nzima ikacheka, na kwa dakika hiyo kicheko kilikuwa chake. Lakini Sadrack ni mtu wa mikutano, anajua kunyang'anya kicheko.

"Donc Mama ametuletea vichwa bila ubongo! Katoni mbili za vichwa!" Akasubiri watu wamalize kucheka, kisha akalainisha sauti. "Mama Sofia, usikasirike. Jumamosi, tukishamaliza usafi wa salongo, unapanda palette kidogo, unasema neno moja, tunakunywa Fanta, kila mutu anarudi kwake."

"Sitapanda."

"Mama, hata Kakule alipanda."

"Kakule friji zake zilikuwa zinapika. Yangu imepika nani? Inatafuta mwenzake tu. Hata bacélibataires ya hapa banatafuta bibi, na hamubapandishe palette."

"Mama..."

"Na wewe, président, ulipanda siku gani juu ya pneus zako za theluji?"

Mtu mmoja akakohoa. Sadrack akaangalia dari la depo.

"Ile ilikuwa tofauti."

"Ndiyo. Ile ilikuwa na misumari."

Hapo kikao kikavunjika, lakini kabla ya kutoka Sadrack alisema lake, bila ulaini safari hii: Jumamosi, unapanda ao unatoka mu kontena. Na wote walijua kwamba Jéthro wa miavuli ana shemeji anayetafuta nafasi.

Kusema neno lenyewe kusingemuua. Sofia alilijua hilo akiwa njiani kurudi dukani, kisanduku kikiwa kwenye kapu, juu ya nyanya. Karibu wanaume wote walilisema wakanywa Fanta na kesho yake wakaendelea kuibia wateja kwa amani. Lakini mtu angemlazimishaje kulisema kwa ajili ya kitu ambacho hajakijaribu hata yeye mwenyewe, kwa sababu ya taa ya kijani na kibandiko? Lori la marehemu lilitangazwa limekufa na mafundi watatu, na kila mara lilifufuka likaenda Beni na kurudi. Akaifungua simu.

Ornella, binti wa kaka yake, anafanya kazi Beni, upande wa Mavivi, katika ofisi ya kupokea mizigo ya ndege. Ni msichana anayepokea simu kana kwamba umemkatiza katikati ya wimbo.

"Tantine! Nitumie picha. Ya nyuma, na ya chini." Picha zikaondoka. "Ah, hizi! Mais tuko nazo hapa bureau! Usitupe hata moja. Tulizitia Linux."

"Linux njo nini? Dawa?"

"Ni système, tantine. Njo inafanya mashini iwaze yenyewe, bila serveur. Kama Windows, mais iko ya bure, na inakubali hata mashini ya zamani sana."

"Ya bure? Na mwenyewe ni nani?"

"Haiko ya mutu moja. Bantu ya dunia yote banaitengeneza pamoja, kila mutu anatia yake. Haina président."

Kwa mara ya kwanza tangu kontena lifunguliwe, Sofia akacheka.

"Haina président? Nitumie leo leo."

Ilifika kesho yake na dereva wa teksi ya Beni, ndani ya soksi ya mtoto: clé mbili za USB, flash nyeusi zote mbili, zinafanana kama mapacha. Moja ilibeba Linux ya kusimika. Ya pili ilikuwa tupu, na ndiyo ingekuwa ubongo, kwa maana kumbukumbu ya ndani ya kisanduku ilikuwa ndogo mno. Système mpya ingekaa kwenye clé, clé ingekaa nyuma ya kisanduku siku zote. Kichwa kingevaa ubongo wake kwa nje, kama kofia. Sofia hakuona tatizo. Alikuwa anawajua watu wengi ambao hata kwa nje hawakuwa nao.

Shida ya kwanza: kisanduku kilikataa kuiangalia clé. Kila alipokiwasha kilikimbilia kutafuta seva yake ya zamani. Ornella akasema lazima aingie kwenye mipangilio yake ya ndani, abonyeze kitufe cha Delete kwenye kibodi mara tu kisanduku kinapowaka, bila kuchoka. Akabonyeza. Kikamwomba neno la siri, la wenyewe wa kwanza, watu wa Ulaya wasiojulikana, ambao pengine wamekwisha kustaafu.

"Toa pile ile ya duara ya ndani," Ornella akasema. "Ngoja kidogo, rudisha. Inaweza sahau."

Kwa bisibisi ya kabureta Sofia alifungua kifuniko. Ndani, karibu nafasi yote ilikuwa imejaa pande la chuma lenye mapezi mapezi, la kupoza joto mahali pa feni. Basi uzito ulitoka hapo. Akalipigapiga kwa kucha, akaridhika: chuma cha kweli. Akatoa ile betri ndogo ya duara, akanywa chai yake yote, kisha akatia nyingine mpya kutoka kwenye boksi la rimoti za alarme za pikipiki. Kisanduku kilipowaka kilikuwa kimesahau neno la siri, kimesahau wenyewe, na kimesahau mwaka. Kilidhani tuko 2009.

Aliiangalia tarehe ile kwa muda. Mwaka ule lori lilikuwa bado linatembea, na mwenye lori pia. Halafu akaandika mwaka wa sasa kwa kidole kimoja, kwa nguvu, kama mtu anayepiga muhuri.

Siku iliyofuata ilikuwa ville morte. Mji wote ulifunga milango kwa hasira, kwa sababu zile zile ambazo kila mtu anazijua na hakuna anayezisikiliza. Hakuna pikipiki, hakuna soko. Vijana walikaa kwenye njia panda na mawe yao, wakilinda utupu. Mtandao nao ukafa, kwa mshikamano. Sofia aliteremsha mlango wa bati wa duka akabaki ndani na taa ya sola, betri ya pikipiki, na televisheni ndogo ya sola, tele, aliyoifanya skrini. Kisanduku kilikula volti kumi na mbili, sawasawa na betri zake. Kilikuwa kimeumbwa kwa ajili ya mji usio na umeme, ila hakuna aliyekuwa amekiambia. Ornella alikuwa amemtumia usiku mafungu ya sauti yenye maelekezo, na Sofia aliyasikiliza moja baada ya jingine. Mji uligoma nje, yeye akagoma ndani.

Linux ikaanza kuuliza maswali. Lugha? Kifaransa, sawa. Uko wapi, ili nijue saa? Ikamwonyesha miji. Kinshasa. Lubumbashi. Sofia akashuka chini, akapanda juu, akashuka tena. Butembo haikuwamo. Mji unaojitengenezea barabara kwa kuchanga, unaojinunulia transfoma, unaojenga maghorofa bila kumwomba mtu hata msumari, haukuwamo. Sauti ya Ornella kwenye simu ilikuwa wazi: "Chagua Lubumbashi, tantine, njo saa yetu."

"Lubumbashi sina mutu," Sofia akaijibu simu. "Na Kinshasa haijapata kuniuliza niko saa ngapi."

Akaenda mpaka Uganda akachagua Kampala. Mali yake hulala kule kila safari. Kama kuna mahali saa yake ina maana, ni kule. Kwamba Kampala iko mbele saa moja hakujali. Kufika mapema hakujawahi kumfilisi mtu.

Jina la mashine? Hapo alifikiri. Kwa Wanande, watu wake, mtoto hapewi jina kwa sura yake, anapewa kwa zamu ya kuzaliwa, na msichana wa kwanza ni Masika. Akaandika Masika. Ikatokea ?qsikq. Kibodi ilitoka Kampala, ni ya Kiingereza, na yeye ameiambia Linux kwamba kila kitu hapa ni cha Kifaransa. Kila alipogusa A, ilitoka Q, na M kubwa ilitoka alama ya kuuliza. Hakuita mtu. Alikata vipande vya sparadra, plasta ya vidonda, akaandika herufi zinazotoka kweli, akavibandika juu ya vitufe vya uongo. Masika akapata jina lake.

Ikasimika. Mstari wa buluu ulitambaa kama foleni ya Kasindi. Adhana ya adhuhuri ikapita mitaa mitupu, akaswali, aliporudi skrini ilisema kazi imekwisha, ondoa clé ya kusimika. Akaondoa. Kisanduku kikawaka na kutangaza kwamba hakioni ubongo wowote. Akaiangalia clé mkononi mwake, akaiangalia ile iliyobaki nyuma. Mapacha. Alikuwa amechomoa pacha asiyetakiwa kuchomolewa. Akazibadilisha kwa haraka, kwa hasira, wakati mashine inaendelea, na kuvuruga yote yaliyoandikwa.

Alisema neno moja la Kinande ambalo halina nafasi msikitini wala kanisani. Kisha akakata utepe wa tyubu ya pikipiki, akaufunga kwenye clé ya ubongo, akaanza tena toka mwanzo: Kifaransa, Kampala, Masika.

Mara ya pili, aliitoa clé sahihi. Giza. Maandishi meupe yakaanza kuanguka, mengi, kwa kasi. Halafu skrini ikafunguka, anga ya buluu na vipicha vichache chini, na mshale mdogo uliongoja amri. Hakuna seva. Hakuna kutafuta. Sofia alifungua mdomo kupiga kigelegele, akakumbuka siku, akauziba kwa ncha ya kitambaa cha kichwa. Hakikutosha. Kijana mmoja wa njia panda akagonga bati kwa jiwe.

"Humu munauzisha?"

"Hapana! Niko nasali!"

"Na kelele ile?"

"Mungu amejibu!"

Hatua zikaondoka.

Jumamosi, mikono ikiwa bado na tope la salongo, wanachama walikusanyika depo. Paleti ilikuwa tayari katikati, na Fanta zilipangwa pembeni, na Éphraïm ameitwa tena awe shahidi wa sayansi. Shemeji wa Jéthro alikuwa amekuja na kalamu yake.

"Mama Sofia," Sadrack akasema, "palette inakungoja."

Sofia alipita katikati yao na kapu. Akaweka juu ya paleti betri ya pikipiki, tele ndogo, kibodi yenye sparadra, na kisanduku.

"Mimi sipandi. Huyu njo anapanda. Anaitwa Masika."

Akaunga waya. Maandishi meupe yakaanza kuanguka.

"Eh! Anaungama!" Kakule akapiga kelele. "Angalieni, dhambi zake ni nyingi kupita zetu!"

Walikuwa bado wanacheka anga ya buluu ilipofunguka. Kicheko kikapungua, kikawa minong'ono. Sadrack akasogea, mikono nyuma, kama daktari asiyetaka mgonjwa apone.

"Saa yake iko mbele saa moja. Ameanza kudanganya mbele hata hatujakaa."

"Ile ni saa ya Kampala, président. Mali yako ikikwama kule, unapigaka simu kwa saa ya nani?"

"Bon. Amewaka." Sadrack akawageukia watu. "Mais hata ampoule inawakaka. Bidhaa ikisema, maana yake inafanya kazi ya mutu. Hii itafanya kazi gani?"

"Umupe kazi, tuone."

"Kazi?" Sadrack akatabasamu, akavuta koti. Alikuwa nayo tangu asubuhi, imeiva kichwani. "Kazi iko. Andika. 'Umoja wa Waagizaji wa Kontena, katika kikao chake cha leo, umeamua...'"

Sofia akaketi juu ya dumu na kuanza kuandika, vidole viwili, bila haraka.

"Umeamua nini, président?"

"'...kumwondoa Mama Sofia Kahindo katika kontena...'"

"Kahindo na K kubwa?"

"K kubwa. '...kwa sababu ameleta mashine ambazo haziwezi kufanya kazi yoyote.'"

"Yoyote. Point?"

"Point."

Akaweka nukta. Akaigeuza skrini kwa watu na kuisoma barua yote kwa sauti ya juu, herufi kwa herufi inavyostahili, bila kuruka jina lake. Alipomaliza, hakuna aliyepiga makofi. Watu walikuwa wanaangalia skrini, halafu Sadrack, halafu skrini.

Éphraïm akarekebisha tai.

"Pardon, président. Iyo barua imeandikwa na nini?"

"Na Mama. Humuoni?"

"Ndiyo. Mais Mama ameiandikia mu nini?"

Kakule ndiye aliyeelewa wa kwanza. Alijishika tumbo, akaegemea kontena, akateleza mpaka chini. "Président! Umemufukuza na kinywa yake mwenyewe! Umemupa Masika kazi, ameifanya, ameandika eti hajui kazi!" Na wengine wakaanguka nyuma yake, mmoja mmoja, mpaka depo ikawa kama ndoa.

"Futa!" Sadrack akasema. "Futa iyo!"

"Hapana. Niko naiweka." Sofia akabonyeza. Mashine ikauliza faili iitwe nani. Akaandika, taratibu, wote wakiona: sadrack.

"Mama, mimi nilisema ukweli siku ile," Éphraïm alisema, akichungulia nyuma ya kisanduku. "Ubongo haukuwamo. Uko hapa sasa, umefungwa na caoutchouc ya tyubu. Niwekee tatu, kwa wanafunzi wa institut. Na clé nitatafuta mimi mwenyewe."

"Mimi moja," Kakule akasema kutoka chini.

"Na nafasi yangu?" Sofia akauliza. Hakumwuliza Kakule.

Sadrack aliangalia skrini yenye jina lake. Akamwangalia shemeji wa Jéthro, ambaye alikuwa amekwisha kurudisha kalamu mfukoni.

"Iko, mama. Iko! Nani alisema haiko?"

"Wewe, président. Iko imeandikwa hapa."

"Mama, hapana, ile tulikuwa tunajaribu mashini." Na kwa kasi ambayo hata matairi yake ya misumari hayakuwahi kuifikia, Sadrack akazunguka paleti, akasimama karibu na tele ndogo, upande ambao simu za watu zilikuwa zinapiga picha. Akainua mkono. Kicheko kikatulia. Sauti yake ilikuwa imepata ule uzito wa mikutano.

"Ndugu zangu! Hapa Butembo tuko na bantu benye kuona mbali. Mimi nilijua tangu mwanzo. Mama Sofia, uwaambie hawa batu, na wale watasikia kwa redio. Siku ile, kule Dubai, katikati ya ghala lile, vitu vimejaa mpaka juu, ukainua kisanduku hiki kimoja. Uliona nini ambacho sisi hatukuona? Ulijua namna gani kama hii ni ordinateur?"

Simu zote zikamgeukia. Sofia alikuwa anaviringisha waya kwenye betri. Hakuinua kichwa.

"Sikujua. Nilizania ni décodeur ya télé."